Maboksi Niliyosaini Bila Kufungua

Gahanga, Kigali
Jumamosi mchana, baada ya umuganda

Keza mwanangu,

Umeondoka hapa saa sita kwenda Kagugu kumuaga shangazi yako, na ninamjua shangazi yako, hatakuachia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina mchana mzima. Nimeosha matope miguuni, nimekaa kwenye meza ya chakula na daftari, na sanduku lako jekundu limesimama karibu na mlango. Kila nikiliangalia nacheka peke yangu. Tangu asubuhi nacheka hivyo.

Leo kwenye umuganda, mtaa mzima tumetoka na majembe, nimeshindwa kunyamaza. Tulikuwa tunazibua mtaro wa barabara ya juu, na hata kabla hatujafika kwenye kona nilikuwa nimeshamwambia kila mtu kwamba kesho Keza anapanda ndege. Mukamana wa dukani akaegemea jembe lake.

"Ati anakwenda kuwalinda Wazungu?"

"Hapana. Anakwenda kuuliza kama kulindana kunafanya kazi."

"Kuuliza tu? Kwa ndege? Mbona sisi hapa tunauliza bure."

"Na ukiuliza, Mukamana, unajibiwa na nani?"

"Nani atanijibu, na ninyi nyote kila kitu mnasema ndiyo?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda wote. Halafu nikainama kwenye mtaro nikaendelea kuchimba, kwa sababu neno lake lilikuwa limenipata mahali pake.

Niliwaeleza kazi yako kama ulivyonieleza mimi. Kwamba jumuiya ya nchi za kanda yetu na jumuiya ya nchi za Ulaya zinashirikiana miaka mingi sasa katika mambo ya ulinzi, wao wakileta vifaa na walimu, sisi tukitoa watu wa kwenda kusimama kwenye jua. Kwamba kule Ulaya kuna ofisi moja ambamo watu wa pande zote mbili wanakaa pamoja, na wewe umechaguliwa ukae humo upime kama ushirikiano huo una faida kweli. Na kwamba katika wiki yako ya tatu utasimama mbele ya wakubwa wa huku na wa kule, useme kipi kilifanya kazi na kipi hakikufanya. Binti yangu, aliyekuwa anapanga vizibo vya soda kwa rangi chini ya meza za mgahawa wetu wa Gisimenti! Nilipofika hapo kwenye maelezo sauti ilinipanda mpaka wakanitania.

Sitakuandikia habari za soksi, wala za kula vizuri, wala za kupiga simu. Hayo shangazi anakupa sasa hivi, na anayajua kuliko mimi. Nataka kukuandikia habari ya karatasi uliyonionyesha Alhamisi.

Ulitoka chumbani mbio na karatasi mkononi, umeikoleza wino wa njano. "Papa, angalia! Ni wewe!" Walikuwa wamekutumia mafaili ya zamani uyasome kabla ya kufika, na ndani ya faili moja ulikuta misheni ya ulinzi niliyofanyia kazi ulipokuwa mdogo. Picha ya makabidhiano ya redio. Mimi nimesimama pembeni na shati la mikono mifupi, nywele zikiwa bado nyeusi. Chini yake sahihi yangu na maneno matatu niliyoyatia tiki: zimepokelewa, zimejaribiwa, zinafanya kazi.

Ulisema, "Nitaanza na huu. Watu wanasema mambo haya hayasaidii, mimi nitawaonyesha mfano uliosaidia, na aliyesaini ni baba yangu."

Ukaniuliza, "Zilifanya kazi, siyo?"

Nikasema, "Zilifanya kazi."

Keza, jibu lile si uongo mtupu, lakini si ile kweli unayoidhani. Ukienda nalo mbele ya wakubwa wale utakuwa umejenga kazi yako ya kwanza juu ya tiki zangu tatu, na tiki zile nilizitia kabla ya kufungua boksi hata moja. Nimekaa na jambo hili siku mbili. Nilipoanza kuandika mchana huu nilipanga kuificha barua hii chini ya sweta zako, uikute ukishafika. Ngoja nikusimulie kwanza.

Ulikuwa na miaka sita nilipopata kazi ya kutunza stoo kwenye kambi ya kikosi cha jumuiya yetu, katika ile nchi ya mchanga uliyokuwa ukiitafuta kwenye ramani kwa kidole. Sikuwa askari. Walitaka mtu anayeandika vizuri na kusema Kiswahili na watu wa nchi zote za huku, na mimi nilikulia Karagwe, nilimaliza darasa la saba kule, halafu nikasoma kozi ya stoo. Mama yako alibaki na wewe na mgahawa wetu wa Gisimenti. Aliniambia, "Nenda. Viazi na mishikaki nitaweza mwenyewe, wewe nenda ukahesabu bunduki." Nikamwambia sitahesabu bunduki, nitahesabu mablanketi na betri. Akasema, "Afadhali. Blanketi likipotea halimuui mtu."

Malori yetu yalikuwa na redio za upepo za zamani, nzito kama tofali, lakini zilisema. Ila hazikufika mbali. Jumuiya ya Ulaya ikaahidi redio mpya. Kwanza walikuja walimu. Walifundisha wiki mbili, vizuri kabisa, wakitumia picha za redio, kwa sababu redio zenyewe zilikuwa bado melini. Miezi minne baadaye redio zikafika, na wakati huo karibu wote waliofundishwa walikuwa wamemaliza zamu na kurudi makwao. Hakuna aliyefanya vile kwa ubaya. Mafunzo yalikuwa na ofisi yake, meli ilikuwa na ofisi yake, zamu za askari zilikuwa na ofisi yake, na ofisi hizo tatu hazikuwahi kunywa chai pamoja. Hilo liandike mahali, utalikuta tena.

Siku ya makabidhiano tulitandika zulia juu ya mchanga. Mgeni wa Ulaya alikuwa na tai shingoni kwenye joto lile, maskini, jasho linamtiririka mpaka kwenye nyusi. Maboksi yamepangwa na utepe. Mpiga picha anahangaika na jua. Mkuu wa kambi akasema machache, mgeni akasema machache, nikaletewa fomu na kalamu. Ndipo mgeni yule akaniinamia na kuniuliza taratibu, "Unataka tufungue moja tujaribu?"

Aliniuliza, Keza. Ndilo linaloniuma mpaka leo. Mtu yule alikuwa tayari kufungua.

Lakini mimi nililelewa nikijua kwamba zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeileta. Unaipokea kwa mikono miwili, unashukuru, unaiweka ndani, unaifungua akishaondoka. Ukiifungua mbele yake ni kama umemwambia kwamba humwamini, au una njaa. Bibi yako alinichapa kwa hilo mara moja tu, kwa sababu ya mfuko wa sukari, na sikuhitaji mara ya pili. Basi nikatabasamu, nikamwambia mgeni kwa Kiingereza changu cha stoo kwamba hakuna haja, sisi tunawaamini. Watu wakapiga makofi. Nikatia tiki tatu nikasaini, na hiyo ndiyo picha uliyoikoleza njano.

Walipoondoka nikafungua. Redio zilikuwa nzuri ajabu, nyepesi, zina taa ndogo ya kijani. Zilisemezana vizuri kabisa zenyewe kwa zenyewe. Lakini zilikuwa zimefungwa kwa namba ya siri, na bila namba hiyo hazikuweza kuunganishwa na redio za malori. Namba haikuwamo kwenye maboksi. Na hazikutosha kila gari. Kwa hiyo gari la mbele la msafara lilipewa redio mpya, malori ya nyuma yakabaki na zile za zamani, na wa mbele hakumsikia wa nyuma.

Ningeandika nini? Kwamba nilichosaini jana leo si kweli? Kila miezi miwili ilikuja fomu: je, vifaa vinatumika? Nikajaza ndiyo. Na kweli vilitumika, walinzi wa geti walisalimiana navyo asubuhi. Ndiyo ya kwanza ilinisumbua wiki nzima. Ya pili ilinisumbua mchana mmoja. Ya tatu niliijaza huku nakula.

Kulikuwa na dereva wa lori la maji, Hamisi, mtu wa Tanga, mchekeshaji wa kambi nzima. Aliniita Bwana Stoo. Siku moja msafara, magari mawili tu, ulikuwa unavuka korongo kavu. Mvua ilikuwa imenyesha mbali juu, huku chini hakuna aliyejua. Gari la mbele lilivuka. Lori la Hamisi lilikuwa la mwisho, na maji yalikuja likiwa katikati. Aliita kwenye redio yake ya zamani. Aliita na kuita, na gari la mbele likaendelea na safari, redio mpya ikiwaka taa yake ya kijani. Lori lililala upande na kumbana mguu. Walimkuta kesho yake. Hospitali waliukata chini ya goti.

Nilifika hospitali, nikasimama mlangoni, nikashindwa kuingia. Hilo nalo ulijue.

Likizo yangu ilikuwa wiki mbili baadaye. Unaikumbuka ile likizo niliyokuletea sandali za ngozi zilizokuwa kubwa mno? Siku ya pili nilikwenda Gisimenti mchana, moshi wa mishikaki umejaa, watu wachache, na nikamsimulia mama yako yote. Alinisikiliza huku anafuta meza. Alikuwa na kifungua chupa chake kiunoni, kimefungwa kwa utepe mwekundu aliouchukua kwenye nywele zako.

"Ulifungua mbele yao?"

"Zawadi haifunguliwi mbele ya mgeni, mama Keza. Wewe si unajua?"

"Na bia?"

"Bia gani tena?"

Mteja wa meza ya pembeni alikuwa ameagiza. Mama yako alichukua chupa, akaipeleka imefungwa, akamwonyesha, akaifungua pale pale mbele ya macho yake. Akarudi.

"Umeona? Nikiifungulia jikoni nikamletea iko wazi, atakunywa?"

"Hatakunywa."

"Na urwagwa wa ndizi ukienda kwenye harusi, anayeuleta anafanya nini kwanza?"

"Anaonja."

"Kwa nini?"

"Ni desturi."

"Desturi gani, sha! Ni ili watu wasife. Kitu kinachoingia mwilini mwa mtu, tunakifungua mbele yake, na aliyekileta anaonja kwanza. Zawadi ni kitenge, zawadi ni sahani, hata kikiwa kibaya mtu atakitundika ukutani. Sasa niambie, Baba Keza, redio za msafara wa Hamisi ni kitenge au ni bia?"

Nilikuwa na miaka arobaini na moja na nilikuwa nimekunywa urwagwa kwenye harusi nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikuwahi kufikiri hivyo. Akaniwekea mshikaki mmoja na ndizi ya kuchoma. "Kula. Halafu rudi ukaseme."

Yule ndiye mama yako. Huu ni mwaka wa nne hayupo, na nikipita Gisimenti bado nageuza shingo upande wa pili wa barabara. Lakini leo nimeandika maneno yake na nimemsikia kabisa, na hata "sha" yake ameisema mwenyewe.

Nilirudi kambini. Jumuiya ya Ulaya ilikuwa imemtuma fundi mmoja mwanamke, Marta, aje kukagua. Alikuja na fomu yake. Kabla hajaifungua nikamwambia, "Naomba usiandike kitu. Nilisaini bila kufungua maboksi. Redio hazisemi na malori. Tangu siku ya kwanza."

Nilingoja akasirike. Alikaa chini juu ya boksi tupu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba namba za siri ziko kwetu. Ziko kwenye kabati la ofisi nyingine. Niliuliza mara moja nikaambiwa, wenzetu wanaandika kwamba vinatumika, basi tukienda kuwauliza tena wataona tunawadharau. Kwa hiyo na mimi nikaandika kwamba vinatumika."

"Sisi tulidhani mtakasirika tukisema."

"Sisi tulidhani mtakasirika tukiuliza."

Tukaangaliana, Keza, tukaanza kucheka kicheko kibaya, kile cha msibani. Jumuiya mbili kubwa, mabara mawili, na kila mmoja anamwonea mwenzake haya. Na Hamisi hana mguu.

Halafu tukafanya kazi. Marta alipiga simu ofisi nne mpaka namba zikapatikana. Mafundi wetu walifungua redio moja moja, zile za zamani na zile mpya, wakaziunganisha. Madereva waliitwa, wakakaa kwenye mchanga, wakasema ni wapi hasa sauti hukatika, kitu ambacho hakuna fomu iliyowahi kuwauliza. Nikamweleza Marta habari ya urwagwa. Kesho yake, bila mtu kumwambia, alipanda lori la mwisho, akakaa kiti cha pembeni ya dereva na redio aliyoileta yeye mwenyewe mapajani, akavuka korongo lile lile. Aliyeileta alionja kwanza.

Nilikuwa stoo, kwenye redio kubwa. Na sasa nafika pale ninapopataka. Saa mbili asubuhi mkuu wa mawasiliano aliita vituo vyote, kimoja baada ya kingine, kuanzia bandarini mpaka kambi ya mwisho. Na vikaitika! Kwanza Mkenya kwa sauti ya usingizi. Halafu Mganda. Halafu Mrundi mmoja aliyekuwa anatafuna kitu. Halafu kituo ambacho hatukuwahi kukisikia hata siku moja tangu nifike, kule mbali kabisa, mtu akasema, "Tunawasikia. Jamani, tunawasikia!" na nyuma yake wenzake wanapiga kelele. Kisha Marta kutoka kwenye lori, na Kiswahili chake cha siku tatu: "Hapa nyuma, mzuri." Nilirukaruka stoo nzima. Niliangusha rafu ya sabuni. Sijawahi kupata furaha kama ile kazini kabla wala baadaye.

Tangu siku hiyo msafara ulikuwa mmoja. Korongo lilipojaa tena, lori la mwisho lilisema, na gari la mbele likasimama. Kijiji kilichokuwa kikipata maji kwa bahati kikaanza kuyapata kwa siku zake. Kwa hiyo usinielewe vibaya. Mambo haya yanaweza kufanya kazi. Nimeyasikia kwa masikio yangu yakifanya kazi.

Ila hakuna lolote katika hayo ndani ya faili lako. Mkuu wa kambi alisema, "Tukiandika kwamba zimeanza kusema sasa, itabidi tueleze miezi minane ya nyuma." Marta aliangalia viatu vyake. Mimi niliangalia vyangu. Faili likabaki na picha ya zulia na tiki tatu. Mtu akilisoma anajifunza kwamba ukileta maboksi na utepe, basi usalama umekuja. Kilichofanya kazi hakikuandikwa, na kilichoandikwa hakikufanya kazi.

Hamisi nilimwambia mwishowe, kwa simu, mwaka ule niliorudi nyumbani. Akasema, "Sasa Bwana Stoo, unataka nikusamehe au nikutie tiki?" Nikalia. Akaniacha nilie. Baadaye alipopewa mguu wa bandia akanipigia: "Huu nimetembea nao kwanza ndiyo nikasaini." Tangu hapo kila sikukuu ananiuliza kama nimejifunza kufungua maboksi. Wiki hii nimemwambia habari zako, na kwamba huenda jina lake likatajwa. Akasema, "Mwambie alitaje lote, na aseme nilikuwa dereva mzuri."

Basi, mwanangu. Nilichokuwa naogopa siku hizi mbili ni uso wako. Alhamisi ulinitazama kama mtu aliyefanya jambo kubwa, na nilitaka uondoke na macho hayo hayo. Nikajiambia, atajua akishafika, nitakuwa mbali. Lakini unasimama mbele ya watu katika wiki ya tatu, na miongoni mwao huenda yuko mtu anayekumbuka. Kuliko uonekane hujui, bora mimi nionekane nilivyokuwa.

Hiyo karatasi ya njano usiitupe. Ipeleke. Anza nayo kama ulivyopanga, waonyeshe picha na sahihi, kisha uwaambie kilichokuwa ndani ya maboksi. Usilifiche jina langu. Waambie kuhusu walimu waliokuja kabla ya redio, na namba zilizokaa kabatini, na mgeni mwenye tai aliyeuliza swali zuri akajibiwa vibaya na baba yako. Waambie na ile asubuhi ya vituo kuitika, usiisahau hata kidogo, maana ukisema ya kwanza tu wataondoka wakidhani kila kitu ni bure, na hiyo nayo si kweli.

Watakuwa watu wenye adabu sana, wa pande zote. Watakusikiliza, watakushukuru, watakupa chai. Hapo ndipo ugumu ulipo. Uongo wa mtu mbaya utautambua haraka. Ule wa mtu anayeogopa kukuaibisha unafanana sana na wema, na mimi niliufanya miezi minane nikijiona mtu mwema. Ukiona wanatabasamu mno, waulize ni lini mara ya mwisho walipanda lori la nyuma. Waulize kwa upole. Una upole wa kutosha, ulirithi kwa mama yako, ingawa yeye alikuwa na makali ndani yake. Wewe nawe unayo. Nimeyaona.

Nimesoma barua hii tangu mwanzo na nimegundua ninachotaka kufanya. Nilitaka kuiweka chini ya sweta zako uifungue nikiwa sipo. Yaani maboksi yale yale tena, Keza! Na huyu mzee anajidai amejifunza.

Haiendi kwenye sanduku. Ukirudi kutoka Kagugu nitakuwekea kiti hapa mezani, nitaifungua mbele yako, na ukurasa wa kwanza nitausoma mimi mwenyewe kwa sauti, kisha nitakupa uendelee. Uniulize chochote. Ukinikasirikia, nikasirikie hapa hapa, nikiwa naona, tuna jioni nzima. Ndege ni kesho saa saba.

Kando ya barua utakuta kifungua chupa cha mama yako, utepe wake bado upo. Hicho kiweke kwenye sanduku kubwa, usije ukanyang'anywa uwanja wa ndege wa Kanombe. Na siku utakapopata meza yako kule, watu wa huku na wa kule wakikaa pamoja na chupa ikaletwa, ifungue mbele yao kwa hicho. Dakika hiyo tu, utukumbuke, mimi na mama yako.

Nasikia pikipiki inapunguza mwendo getini. Nadhani ni wewe.

Baba yako